Picha Zilale Wapi Usiku

Mjomba wangu wa Pemba ana swali moja ananiuliza kila nikifika kwake, na huniulizia palepale barazani, kabla sijaingia ndani kumwamkia mkaza mjomba. "Zile picha vipi, mwanangu?" Anazozikusudia ni picha za msimu wa mwisho yeye kupanda mikarafuu. Tangu hapo goti limemkatalia. Siku hizi hukaa chini kwenye jamvi pamoja na wanawake na watoto, akichambua, na vijana wake ndio wanaopanda. Picha zile nilizipiga mimi, siku mbili mfululizo, na sina hata moja.

Nizieleze kidogo, maana maneno ndiyo yaliyobaki. Alikuwa juu ya mti, mguu mmoja kwenye panda, upembo mkononi akivuta tawi, pakacha limening'inia ubavuni. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi, jua linapenya pembeni, na vishada vya karafuu vilikuwa ndio kwanza vinaanza wekundu. Nilimwita, akateremsha uso kuniangalia, akacheka. Ile ndiyo picha ninayoiona nikifumba macho.

Safari ile nilikuwa na kompyuta mpakato mpya kabisa, nyembamba, nyepesi, ya bei ya chini. Niliichagua kwa uzito wake na kwa kuwa ilikuwa bado ndani ya boksi. Hifadhi yake ilikuwa GB 32, na sehemu kubwa ya hizo ilikwisha kuliwa na Windows kabla sijaweka faili langu la kwanza. Usiku wa pili, memori ya kamera imejaa, kompyuta ikaniambia nafasi haitoshi. Asubuhi yake nilikuwa na harusi Wete. Nikaingia dukani, nikanunua flashi iliyoandikwa GB 256 kwa bei iliyonifurahisha, nikahamishia picha zote humo. Majina ya faili yakajipanga moja baada ya jengine, yote yametimia. Nikaisafisha memori, nikaenda harusini.

Niliporudi Unguja nikafungua ile flashi. Picha za mwanzo zikafunguka vizuri: njia ya Mkoani, majamvi ya karafuu yameanikwa pembezoni mwa barabara, mtoto amebeba kanda kichwani. Kisha zikaanza kutoka nusu, juu picha, chini rangi ya kijivu tupu. Kisha hazikufunguka kabisa. Majina yapo, ukubwa wa faili upo, ndani hamna kitu. Fundi niliyempelekea aliipima akakuta uwezo wake wa kweli ni GB 8. Flashi za namna hiyo zina kichipu kidogo kilichopangwa kuidanganya kompyuta kuwa nafasi ni kubwa. Zikijaa, kinachoandikwa juu yake hupotea au hufuta kilichotangulia, na mashine haisemi neno. Memori ya kamera nayo ilikwisha kujaa harusi juu ya karafuu. Hapakuwa na pa kurudi.

Nimeandika yote hayo kwanza kwa sababu watu huniuliza kompyuta gani ndogo ya bei nafuu wabebe safarini kwa ajili ya picha, na wengi huanza na kasi na rangi ya kioo. Mimi huanza na mjomba. Kompyuta ya safari, kwa mpiga picha, kazi yake ya kwanza ni kuwa kasha: picha za leo zilale humo usiku huu huu, na kabla hujalala wewe uwe umeziona kwa macho kuwa zimefika. Kupamba picha, kukata, kuweka rangi, hayo yatangoja nyumbani. Ukilishika hilo, machaguo mengi yanajiondoa yenyewe.

Kuna studio moja ya zamani Mji Mkongwe, Capital Art Studio, barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kuta zake zimejaa picha za Unguja za rangi nyeusi na nyeupe, na mimi nikipita karibu lazima niingie. Baada ya msiba wangu wa flashi nilisimama pale muda mrefu nikawaza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Picha ya filamu ilikuwa inazaliwa pacha. Kulikuwa na negativu, na kulikuwa na picha ya karatasi iliyosafishwa kutoka kwenye negativu hiyo. Mteja anaondoka na karatasi, negativu inabaki kwa mpiga picha. Nyumba ikivuja mvua, karatasi ikaoza, bado iko negativu kwenye boksi. Picha ya kidijiti inazaliwa peke yake, ndani ya kidude kidogo kuliko kucha mbili za kidole gumba, na haipati pacha mpaka mtu amtengenezee. Ndiyo maana siku hizi nasema kuwa picha ambayo iko pahala pamoja tu bado sijaipiga.

Kuna kanuni inayotajwa sana na watu wa fani hii, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe pahala pengine. Wakati wa safari ya Pemba mimi huitekeleza hivi. Nakala ya kwanza inabaki kwenye memori ya kamera, siisafishi mpaka nirudi nyumbani. Ya pili iko ndani ya kompyuta. Ya tatu iko kwenye diski ndogo ya nje, nayo haikai begi moja na kompyuta. Mchana inakaa kwenye mkoba wangu wa mkononi, au naiacha kwa shangazi Wete nikiwa nakwenda visiwani kwa mashua.

Sasa hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokwambia ununue nini. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, na faili ghafi moja, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kupambwa, linakaribia MB 25. Siku ya kazi nzuri napiga picha 600. Hizo ni GB 15. Siku kumi Pemba ni GB 150. Kwa hiyo diski ya GB 500 inanitosha safari nzima na nafasi inabaki, ingawa kompyuta itakuonesha 465 hivi, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa. Ukiwa unapiga JPEG peke yake, yaani picha ambayo kamera imeshaibana, au unatumia simu, hesabu itashuka sana. Basi fanya yako kabla hujatoka nyumbani. Chukua picha ulizopiga siku yako yenye kazi nyingi kabisa, tazama zimekula GB ngapi, zidisha kwa siku za safari, kisha zidisha mara mbili.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoziondoa zile kompyuta mpya za bei ya chini zenye GB 32 au 64. Microsoft wenyewe wameiweka GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha hifadhi kwa Windows 11, yaani ukishaiweka Windows na masasisho yake, kasha limejaa kabla ya picha. Na hifadhi ya nyingi kati ya hizo ni ya aina ya eMMC, imelehemewa kwenye ubao wa kompyuta. Huwezi kuitoa ukaweka kubwa zaidi. Ukinunua 64 umeoa 64.

"Si unapandisha tu mtandaoni?" Nimeulizwa hivyo na vijana wa mjini wenye intaneti nzuri nyumbani. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na tangu Juni 1, 2021 picha nazo zinahesabiwa humo. Hiyo ni siku yangu moja. Na hata ukilipia zaidi, kupandisha GB 15 kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, kunachukua saa sita na dakika arobaini. Mimi usiku wa Pemba nina saa mbili za kazi nikichelewa kulala. Mtandaoni hupandisha picha kumi bora za siku, zilizopunguzwa ukubwa, nikijua kwamba likitokea baya sana zile kumi zitakuwepo. Chromebook, zile kompyuta ndogo zinazoendeshwa na mfumo wa Google, nazo nimeziacha kwa sababu hiyo hiyo, hifadhi ndogo na kutegemea intaneti.

Nilichokuja kununua mara ya pili ni kompyuta ya mtumba. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, zikatumika miaka mitatu minne Ulaya au Arabuni, kisha zikaletwa kwetu: ThinkPad za mfululizo wa X, Dell Latitude ndogo, HP EliteBook 820. Nyingi kati ya hizo zina kioo cha inchi 12.5, zinaingia kwenye begi la kamera, na zilijengwa kwa kufunguliwa na kutengenezwa. Yangu ni ThinkPad X260, toleo la mwaka 2016. Bajeti yangu yote ilikuwa laki sita, pamoja na diski. Ukifungua skrubu za chini unaona diski ya inchi 2.5, ile ile inayopatikana kila duka, unaitoa, unaweka nyengine. Ina tundu la memori kubwa ya kamera ubavuni. Uzito ni kama kilo moja na nusu.

Siku ya kuinunua nilipita maduka ya Darajani na Mlandege asubuhi nzima. Nilikwenda na memori yangu yenye picha, flashi ndogo yenye programu mbili tatu, na subira. Kijana wa duka la kwanza alianza: "Dada, chukua hii, i7, RAM 16, inaruka hii." Nikamwambia, "Kaka, hebu nitie memori yangu kwanza." Nikatia. Kimya. Nikaitoa, nikapuliza tundu, nikatia tena. Kimya. Tundu limekufa. Kijana akasema nitanunua kisomeo cha nje, bei rahisi. Ni kweli, kisomeo cha nje ni rahisi, na mimi hubeba kimoja cha akiba. Lakini tundu lililokufa hunifanya niwaze chumvi na unyevu vimeingia wapi kwengine. Nikaondoka.

Duka la tatu ndipo nilipokaa. Nilifungua hati tupu nikaandika Alfatiha yote kisha tarakimu zote, kila kitufe kikajibu. Nikajaza kioo weupe mtupu nikatafuta madoa. Nikakifunga na kukifungua kioo mara kumi kusikiliza bawaba. Nikaendesha CrystalDiskInfo kuangalia afya ya diski, ingawa nilikuwa na nia ya kuibadilisha. Nikafungua dirisha la amri nikaandika powercfg /batteryreport, ambayo hukutolea ripoti ya betri: ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo gani, na leo ikijaa inajaa kiasi gani. Ya kwangu ilikuwa imebakisha kama robo tatu. Mwisho nikaizima, nikaiwasha nikiwa nimeshika kitufe cha kuingilia kwenye BIOS, ile programu ya ndani kabisa inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Hili wengi hawalifanyi. Kompyuta za maofisi mara nyengine huja zikiwa bado na nywila ya kampuni huko ndani, na nywila hiyo ukija kuihitaji hutaipata kwa yeyote. Yangu ikafunguka bila kuuliza kitu. Tukapatana bei.

Diski yake nilibadilisha siku hiyo hiyo. Ya zamani ilikuwa ya kuzunguka, ina sahani na sindano ndani, na chombo cha namna hiyo hakipendi kutikiswa kinapofanya kazi. Nani asiyeijua bahari ya mkondo wa Pemba? Barabara za mashamba nazo ni hivyo hivyo. Nikaweka SSD ya GB 480, ambayo haina kinachozunguka. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 ilikuwemo na inatosha kwa kutazama na kunakili.

Neno kuhusu Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11, kwa mashine za Intel, kwa jumla inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za kuanzia kizazi cha nane. Yangu ni ya kizazi cha sita. Wauzaji wa mitumba hawalisemi hili, na si vibaya ukaliuliza. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ambayo ni bure. Inasoma memori za kamera bila tabu, ina programu za kutazama picha ghafi kama darktable, na haiamki usiku kupakua masasisho kwa kifurushi changu cha intaneti. Kama hutaki kujifunza kitu kipya, tafuta kizazi cha nane kuendelea na uongeze bajeti kidogo, lakini uliza kwanza kama tundu la memori ni la ukubwa wa kamera au ni lile dogo la simu, kwa maana mashine mpya zimekuwa nyembamba na matundu yamepungua.

Umeme sina haja ya kuwaeleza Wazanzibari. Kila aliyekuwa Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 anaukumbuka ule muda wa miezi mitatu, ilipotokea hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mimi nilikuwa skuli. Nakumbuka mngurumo wa majenereta mitaani na foleni za kuchaji simu. Pemba nayo inapata umeme wake kwa waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010, na siku hizi hali ni nzuri kuliko tulikotoka, lakini kwa mjomba, huko ndani mashambani, sipangi kazi ya usiku kwa kutegemea soketi. X260 ina betri mbili: moja ndani, moja nyuma inayochomoka. Ya nyuma ikiisha unaichomoa ukaweka nyengine, na mashine inaendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Nimenunua betri moja ya ziada na sijawahi kukwama. Ukipata mashine inayochaji kwa USB-C, hiyo bora zaidi, maana inaweza kupokea umeme kutoka kwenye pawabenki kubwa yenye uwezo huo, na pawabenki unaichaji pahala popote ulipopita mchana.

Unyevu na chumvi ni adui wa kimyakimya. Begi langu lina vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Mchele siuweki, una vumbi. Nikitoka chumba chenye kiyoyozi, naiacha mashine na kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa mpaka zipate joto la nje, vinginevyo mvuke hutanda ndani ya lenzi na, ambalo hulioni, ndani ya kompyuta. Na siifanyii kazi juu ya godoro. Godoro huziba matundu ya feni.

Nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote haya.

Mimi hupiga harusi upande wa wanawake. Siku ya hina, siku ya singo, chumbani bibi harusi akipambwa. Mama zetu na dada zetu hufunua nywele mbele ya kamera yangu kwa sababu wamenijua mimi na wazee wangu. Hawakuifunulia dunia. Picha zile ni amana. Sasa fikiria kompyuta hiyo imeibiwa bandarini. Au haikuibiwa: imekufa kioo tu, umeipeleka kwa fundi, na fundi ni mtu mwema, ila dukani kwake wanakaa vijana wanne. Nywila ya kuingilia haizuii kitu; diski ukiichomoa ukaichomeka kwenye mashine nyengine, kila kitu kinasomeka. Kinachozuia ni kuifunga diski yenyewe kwa usimbaji, ili bila nywila iwe ni mchanganyiko wa herufi zisizo maana. Linux Mint inakuuliza hilo wakati wa kuiweka, unatia alama moja tu. Windows za toleo la Pro zina BitLocker. Diski ya nje unaweza kuifunga kwa VeraCrypt, ambayo ni bure. Nywila yake niliihifadhi kichwani na nimeiandika kwenye karatasi iliyo ndani ya kabati la mama, kwa kuwa ukiisahau hakuna fundi wa kukuokoa. Na kompyuta ikienda kwa fundi, diski yangu naitoa mwenyewe kwanza. Ni skrubu chache.

Wapiga picha wenzangu, hasa mnaoshika harusi: hili msilingojee kesho, lifanyeni leo.

Usiku wangu wa safari sasa uko hivi. Nikishakula na kuswali Isha, nafungua folda mpya, jina lake tarehe kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku, kisha pahala, ili zijipange zenyewe. Nanakili kutoka kwenye memori. Nanakili, sihamishi, neno hilo moja ndilo lililoniponza. Kisomeo changu kinatoa kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 15 ni dakika nane au tisa. Kisha nalinganisha idadi na ukubwa, huku na huku. Kisha nafungua picha ya kwanza, ya mwisho, na ishirini hivi za katikati, kila moja naikuza mpaka nione kope za macho. Baadaye diski ya nje. Kila diski, flashi au memori mpya ninayonunua hupimwa kwanza kabla ya kupewa picha hata moja: kwa Windows iko programu iitwayo H2testw, kwa Linux iko F3. Zote mbili hukijaza chombo mpaka juu kisha hukisoma tena, na chenye uongo hujulikana. Inachukua saa kadhaa kwa chombo kikubwa, nayo unaiacha ikifanya kazi usiku ukiwa nyumbani.

Kisha linakuja lile ambalo simu na memori za akiba haziwezi kunifanyia vizuri, na ndiyo sababu bado nabeba kompyuta yenye kibodi. Naandika majina. Nani huyu, mtoto wa nani, shamba la nani, kijiji gani. Nimeona picha za zamani za visiwa hivi nyingi sana, wamesimama watu watano wamevaa vizuri, na chini pameandikwa "wenyeji" au hapakuandikwa kitu. Walikuwa na majina. Aliyewapiga alikuwa anaweza kuyauliza siku ile ile. Na Pemba kuuliza ni rahisi, kwani nikifungua kompyuta barazani tu, nusu ya kijiji iko nyuma ya bega langu.

Msimu uliopita nilikwenda tena. Mjomba aliuliza swali lake, nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote, kwamba zimepotea, na yeye akasema "Haya," kama anavyosema siku zote. Asubuhi nikapanda nao shambani. Mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa juu, na mjomba chini kwenye jamvi, anaegemeza kishada kwenye kiganja, anasukuma kwa kidole gumba, karafuu huku, makonyo kule. Nilipiga mikono ile zaidi ya mara mia.

Usiku taa haikuwepo. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, betri ya nyuma imejaa, watoto wamekaa chini, mkaza mjomba kwenye kiti, mjomba ameinama mbele kabisa. Nikawa napitisha moja moja. Tulipofika kwa mwanawe akiwa juu ya mti, mguu kwenye panda, mjomba akanyanyua mkono.

"Rudisha hiyo."

Nikarudisha.

"Kuza hapo chini, shinani."

Nikakuza. Palikuwa na kovu la zamani kwenye gamba, limejikunja kama sikio.

"Basi ndio ule ule," akasema. "Mti ulionipigia picha mimi. Unaitwa mkarafuu wa kisimani, kaupanda babu yako. Andika."

Nikaandika: mkarafuu wa kisimani, jina la mwanawe juu, jina lake chini, ingawa yeye hayumo pichani. Akanisogelea kusoma herufi kwa herufi. Pembeni diski ya nje ilikuwa inamalizia: faili 612 kati ya 612. Nikachomoa memori ya kamera, nikaiweka kifudifudi ndani ya kijaluba chake, alama yangu kwamba imejaa na isiguswe, na mkaza mjomba akasema twende tukalale, kesho alfajiri kuna karafuu za kuanua.